"Dawa ya akili" ina historia ndefu: kutoka fosforasi hadi chumvi ya dukani kwa Mangi

SEHEMU YA 1: Chupa si za leo



Msimu wa mitihani ukikaribia, simu yangu hujaa picha za chupa. Sirapu ya kuongeza akili. Vidonge vya kumbukumbu. Poda ya ubongo wa mtoto. Swali huwa ni lile lile: "Nesi, hii nimpe?" Badala ya kujibu chupa moja moja, nimeona niwahadithie hizi dawa zimetoka wapi. Ukishaijua historia, mwakani ikija chupa mpya yenye jina jipya utaijibu mwenyewe bila kunisubiri mimi nitoke zamu.

Nitaenda kwa sehemu saba. Soma taratibu, hata ukiwa unanyonyesha.

Tuanze Ulaya, miaka ya 1800. Wakemia walikuwa wanapima kila kitu, na walipoupima ubongo wakakuta ndani yake kuna fosforasi. Mwaka 1850 mwanasayansi Mholanzi, Jacob Moleschott, akaandika kwamba binadamu hawezi kufikiri bila fosforasi. Kwa maana ya kemia hakukosea sana, kwa sababu kila chembe hai ya mwili ina fosforasi. Ila watu walielewa kivyao: kama ubongo una fosforasi, basi ukila fosforasi nyingi utakuwa na akili nyingi!

Marekani, mtaalamu wa samaki Louis Agassiz akausifia samaki kuwa chakula kizuri cha ubongo, kwa hoja hiyo hiyo. Ile habari ya "kula samaki uwe na akili" tuliyoisikia kwa bibi zetu, sehemu ya mizizi yake iko huko. Wafanyabiashara nao hawakulala. Dawa za kuupa nguvu ubongo na mishipa ya fahamu, zenye fosforasi ndani, ziliuzwa miaka mingi kwa wanafunzi, makarani na yeyote aliyehisi kichwa kimechoka.

Kosa liko wapi? Nyumba inajengwa kwa matofali, sawa. Lakini ukimwaga lori zima la matofali uani, vyumba haviongezeki. Fosforasi iko kwenye maharage, maziwa, mayai, dagaa na hata ugali. Mtu anayekula chakula cha kawaida ni nadra sana kuikosa. Aliyenunua ile dawa alikuwa ananunua kitu ambacho tayari anacho.

Shika hilo: kitu kuwepo kwenye ubongo hakuna maana kwamba ukikiongeza akili itaongezeka. Matangazo mengi ya leo bado yanasimama kwenye hoja hiyo ya 1850.


SEHEMU YA 2: Watoto wa New York na unga wa glutamiki

Miaka ya 1940, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walikuwa wanachunguza asidi ya glutamiki. Usiogope jina. Ni kitu kilichomo kwenye protini za vyakula vingi, na ndugu yake wa karibu ndiye yule unga mweupe unaokoleza ladha ya mchuzi na supu. Ubongo nao unaitumia katika kupeleka taarifa.

Mwaka 1944 Zimmerman na Ross wakatangaza kwamba panya waliopewa asidi hiyo walijifunza njia za kizimba haraka kuliko wenzao. Baadaye Zimmerman na wenzake wakawapa watoto wenye ulemavu wa akili, kwa miezi kadhaa. Wakawapima kabla, wakawapima baada, alama zikapanda. Magazeti yakabeba habari.

Hebu fikiria mama wa enzi hizo mwenye mtoto ambaye daktari alishamwambia hakuna cha kufanya. Halafu anasoma gazetini kuna unga unaoweza kumwinua mwanawe. Ungefanyaje? Ungenunua. Mimi pia ningenunua.

Sasa watafiti wengine wakarudia, ila kwa mpangilio tofauti. Watoto waligawanywa makundi mawili yanayofanana. Kundi moja lilipata glutamiki, jingine lilipata kitu kinachofanana nayo kwa macho lakini hakina dawa. Mwaka 1960, Astin na Ross walizikusanya tafiti zote wakazipanga mezani. Wakaona jambo moja la wazi: zile zilizoleta majibu mazuri, nyingi hazikuwa na kundi la kulinganishia. Zilizokuwa nalo, karibu zote hazikuona faida yoyote.

Kwa nini alama zilipanda basi mwanzoni? Kwanza, mtoto anakua, kila mwezi anajua zaidi ya mwezi uliopita. Pili, mtihani ukiufanya mara ya pili unakuwa umeshauzoea. Tatu, na hili ndilo kubwa, mtoto aliyekuwa amesahauliwa ghafla anazungukwa na watu wanaomsemesha, wanaomtazama, wanaotarajia abadilike. Hata huyo wa kundi la pili asiyepata dawa alipanda, kwa sababu naye alisemeshwa.

Kwa hiyo mama akikuambia "mimi nilimpa sirapu fulani na muhula huu amepanda nafasi kumi", hadanganyi. Amepanda kweli. Ila muhula huo huo pia alikuwa anamkalisha kila jioni ampe dozi, anamuuliza ya shule, anamzimia televisheni. Chupa ndiyo imepewa sifa, mama hajapewa.


SEHEMU YA 3: Vidonge vya hesabu

Hii sehemu wenye watoto wa sekondari na vyuo naomba muisome mara mbili.

Mwaka 1937, daktari Charles Bradley alikuwa anahudumia watoto wenye matatizo ya tabia kwenye kituo kimoja huko Rhode Island, Marekani. Kulikuwa na kipimo cha kichwa ambacho kiliwaachia watoto maumivu makali. Akajaribu kuwapa dawa ya amfetamini iliyoitwa Benzedrine, akidhani itawasaidia maumivu. Maumivu hayakusikia sana, ila walimu wakamletea habari ya ajabu: watoto wametulia, wanamaliza kazi zao. Akawapa watoto 30, na karibu nusu yao walibadilika sana darasani. Watoto wenyewe wakaviita "vidonge vya hesabu".

Kipindi hicho hicho wanafunzi wa vyuo vikuu Marekani walishaigundua Benzedrine wakawa wanaimeza usiku wa kuamkia mitihani. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, majeshi ya pande zote mbili yakawapa askari wao amfetamini wasilale. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon, wa kampuni ya Ciba huko Uswisi, akatengeneza dawa ya jamii hiyo ambayo ikaitwa Ritalin, kutokana na jina la mkewe, Rita.

Nieleweke vizuri hapa. Kuna watoto wenye tatizo la kweli la umakini, limepimwa na daktari bingwa, na dawa za kundi hili zinawasaidia. Kama mwanao ni mmoja wao, usimwachishe kwa sababu umesoma posti yangu. Nazungumzia mtoto mzima wa afya anayepewa ili awe wa kwanza.

Kwa huyo, amfetamini inafanya nini? Inafukuza usingizi na kumpa mtu hisia kwamba anafanya vizuri sana. Hisia hiyo mara nyingi ni kubwa kuliko matokeo. Mapigo ya moyo yanapanda, presha inapanda, hamu ya chakula inakata. Akiendelea, mwili unazoea, anahitaji zaidi, na hapo mlango wa uraibu umeshafunguka.

Na kumbuka, ubongo unapanga na kuhifadhi yaliyosomwa mtu anapolala. Anayekesha kwa kidonge anajaza gunia lenye tundu.

Kwetu huku jambo hili lina sura nyingine. Mirungi, wengine mnaita miraa, ina kathinoni, kemikali ambayo muundo wake ni ndugu kabisa wa amfetamini. Vijana wanatafuna "ili washike kitabu". Tanzania mirungi ni marufuku kisheria, lakini hata pale inapouzwa wazi, kwa moyo na usingizi wa kijana habari ni ile ile. Kijana wako akianza kukesha siku tatu mfululizo, hali, macho makavu na hasira za karibu, usianze na makofi. Kaa naye, muulize anatumia nini.


SEHEMU YA 4: Jina zuri, na mafuta ya samaki yanarudi

Mwaka 1964, kampuni ya dawa ya UCB huko Ubelgiji ilitengeneza kidonge kilichoitwa pirasetamu. Mtafiti wake, Mromania Corneliu Giurgea, akaona hakiingii kwenye kundi lolote lililokuwepo. Hakileti usingizi wala hakichangamshi kama amfetamini. Mwaka 1972 akakitungia kundi jipya: nutropiki, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya akili na kugeuza. Aliamini zitakuja dawa zitakazosaidia kumbukumbu bila kumdhuru mtu.

Jina lilipendwa kuliko ushahidi wake. Pirasetamu ikauzwa nchi nyingi, na hadi leo inauzwa. Lakini mwaka 2001, watafiti walipozikusanya tafiti za wazee wanaopoteza kumbukumbu, walisema ushahidi hautoshi kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo kwa kazi hiyo. Marekani haijawahi kuidhinishwa kama dawa. Neno nutropiki nalo likatoka mikononi mwa mwenyewe. Leo linabandikwa kwenye chupa ya chochote.

Mti wa ginkgo wa China nao ulipata zamu yake. Majani yake yameuzwa dunia nzima kwa ajili ya kumbukumbu. Marekani walifanya jaribio kubwa, watu 3,069, wengi wao wenye miaka 75 na zaidi, wakifuatiliwa wastani wa miaka sita. Nusu walipewa ginkgo, nusu kidonge bandia. Majibu yalitoka 2008: waliokunywa ginkgo walipata ugonjwa wa kusahau sawasawa na wasiokunywa.

Na samaki? Amerudi, safari hii si kwa fosforasi bali kwa mafuta ya omega 3. Hii nataka muijue kwa sababu ina heshima ndani yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, mwaka 2012 walitangaza kwamba watoto wa shule wenye shida ya kusoma sana walionufaika kidogo walipopewa mafuta hayo. Kampuni yoyote ingeishia hapo na kuchapisha mabango. Wao wakarudia jaribio lao wenyewe, watoto 376, kwa makundi mawili. Mwaka 2018 wakatangaza waziwazi: safari hii hatukuona faida.

Sisemi msiwape watoto samaki. Wapeni! Dagaa, sato, changu, chochote mnachomudu. Ni protini nzuri na mafuta mazuri. Ila kuuza kuku wawili ununue kopo la vidonge vya mafuta ya samaki, hapana. Kuku hao wangekutagia mayai.


SEHEMU YA 5: Kilichofanya kazi kilianzia kwenye majivu ya mwani

Mpaka hapa mtasema nesi huyu kazi yake kubomoa tu. Hapana. Kipo kitu kimoja kilichoinua akili za mamilioni ya watoto, na historia yake ni nzuri kuliko zote. Kitu chenyewe hakikuanza kama dawa ya akili.

Mwaka 1811, Ufaransa iko vitani chini ya Napoleon. Bernard Courtois anatengeneza malighafi ya baruti kwa kutumia majivu ya mwani wa baharini. Siku moja akamwaga asidi nyingi kupita kawaida, ukatoka mvuke wa zambarau. Ndiyo iodini, ambayo sisi tunaiita madini joto.

Wakati huo huo, milimani Uswisi, vijiji vizima watu walikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo mbele. Na kwenye vijiji hivyo hivyo walizaliwa watoto wengi wasiosikia, wasiosema, wafupi sana, ambao akili zao hazikukua. Watu walilaumu maji, hewa, laana, ndoa za ndugu.

Mwaka 1820, daktari Jean-François Coindet wa Geneva akaanza kuwapa wagonjwa wa rovu iodini, na uvimbe ukapungua. Habari ikasambaa, watu wakanunua wenyewe, wakanywa bila kipimo, wengine wakaugua vibaya. Iodini ikapata jina baya, na sehemu kubwa ya karne ikapotea. Hata kitu cha kweli, kikitumiwa kiholela, kinaharibu na kinachelewesha wengine kupona.

Mwaka 1895 Mjerumani Eugen Baumann akagundua kwamba tezi ya shingo, ile thairoidi, ina madini joto ndani yake. Sasa kukawa na sababu ya kueleweka. Tezi inatengeneza homoni kwa kutumia madini joto, na ikiyakosa inavimba ikihangaika kuyatafuta. Milimani mvua na barafu zilishayaosha kutoka kwenye udongo, yakaenda baharini. Udongo ukikosa, mahindi yatakosa, mbuzi atakosa, na mama atakosa.

Mwaka 1917, David Marine na mwenzake Kimball wakaenda mji wa Akron, Ohio, wakawapa wasichana wa shule madini joto mara mbili kwa mwaka. Kati ya wasichana 2,190 waliopewa, watano tu walivimba shingo. Kati ya 2,305 wasiopewa, 495 walivimba. Hapo kundi la kulinganishia lipo, na tofauti haihitaji kuelezewa.

Mwaka uliofuata, kijiji cha Grächen, Uswisi, daktari wa kijijini Otto Bayard akachanganya madini joto kwenye chumvi kwa koleo na kuzigawia familia. Alichagua chumvi kwa sababu kila mtu anaila, tajiri na maskini, kila siku, kidogo kidogo, na hakuna anayeweza kula nyingi kwa tamaa. Mwaka 1922 jimbo la Appenzell Ausserrhoden likaanza kuuza chumvi hiyo kwa wote, baada ya daktari Hans Eggenberger kuwashawishi wananchi. Mwaka 1924 ikafika madukani Michigan, Marekani.


SEHEMU YA 6: Siku zile ambazo hujui kama una mimba

Mpaka hapo watu waliona wametibu shingo. Ubongo ulieleweka vizuri zaidi baadaye, kwenye bonde la Jimi, Papua Guinea Mpya.

Mwaka 1966 daktari Peter Pharoah na wenzake walifika huko na sindano ya mafuta yenye madini joto. Sindano moja inamtosha mtu miaka kadhaa. Familia zilipangwa kwa kupishana: hii inapata mafuta ya madini joto, inayofuata inapata sindano ya maji ya chumvi. Halafu wakasubiri watoto wazaliwe.

Majibu yalichapishwa 1971. Mama waliochomwa maji ya chumvi walizaa watoto 534, na 26 kati yao walikuwa na ule ulemavu wa akili, masikio na mwili. Mama waliopata madini joto walizaa watoto 498, wenye ulemavu walikuwa 7.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu ndiyo moyo wa posti zote hizi. Kati ya wale 7, mama wa watoto 6 walikuwa tayari wajawazito siku waliyochomwa sindano.

Yaani dawa ilikuwa sahihi, mkono ulikuwa sahihi, ila ilikuwa imechelewa. Mtoto aliye tumboni, kwa karibu nusu ya kwanza ya mimba, anategemea homoni ya tezi ya mama yake, kwa sababu tezi yake bado haijaanza kazi sawasawa. Homoni hiyo ndiyo inayoelekeza chembe za ubongo zikae wapi na ziungane vipi. Ikikosekana kipindi hicho, huwezi kurudi baada ya miaka sita na chupa ya sirapu ukasahihisha.

Na si lazima mtoto awe na ulemavu wa kuonekana. Upungufu mdogo wa madini joto unaweza kumpunguzia uwezo kidogo tu. Anaongea, anacheza, anakwenda shule, ila anachoka haraka kwenye somo, anaitwa mzito, anapigwa kwa uvivu ambao si wake.

Tofauti na ile fosforasi mmeiona? Fosforasi waliongezewa watu ambao hawajapungukiwa. Madini joto walipewa waliopungukiwa, wakati ubongo unajengwa. Hayamwongezei akili mtoto ambaye anayapata ya kutosha. Yanamlinda asinyang'anywe ile aliyokuja nayo.


SEHEMU YA 7: Kwetu, na jikoni kwako

Msidhani ni mambo ya Uswisi. Miaka ya 1960 na 1970, watafiti Delange na Ermans walifanya kazi kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, Kongo. Walikuta kaskazini mwa kisiwa marovu mengi sana kuliko kusini magharibi, ingawa madini joto yalikuwa haba pande zote. Baadaye ikaonekana muhogo una mkono wake: muhogo mchungu usipolowekwa na kukaushwa vizuri, sumu yake mwilini inageuka kitu kinachoizuia tezi kuchukua hata hayo madini machache yaliyopo. Bibi zetu waliosisitiza kuloweka muhogo siku kadhaa walikuwa na sababu.

Tanzania, nyanda za juu kusini na maeneo mengine ya milimani, rovu lilikuwa jambo la kawaida hata watu hawaliiti ugonjwa. Kuanzia 1986 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi. Waliozaliwa Iringa, Mbeya au Rukwa miaka hiyo, waulizeni mama zenu, wengine watakumbuka. Katikati ya miaka ya 1990 zikaja kanuni za kuweka madini joto kwenye chumvi ya kula. Kenya ilikuwa imetangulia tangu miaka ya 1970.

Mwaka 2009 wachumi Field, Robles na Torero wakatoa utafiti juu ya vidonge vile. Walikadiria kwamba watoto ambao mama zao walikingwa wakati wa mimba walisoma theluthi moja hadi nusu mwaka zaidi ya wenzao, hasa wasichana. Wengine waliporudia hesabu hizo baadaye hawakupata jibu lile lile kwa uhakika, na mimi niliyewasimulia habari ya glutamiki siwezi kuwaficha hilo. Lakini kwamba mimba ikikosa kabisa madini joto ubongo wa mtoto unaumia, Papua ilishamaliza ubishi.

Sasa pa kushangaza. Nani hali chumvi yenye madini joto leo? Tafiti za kaya zimeonyesha mara kwa mara kwamba mikoa ya pwani kama Lindi na Mtwara iko nyuma, kule kule chumvi inakotengenezwa! Watu wananunua chumvi ya shambani kwa kopo, bei rahisi, haijawekewa kitu. Hata Pemba, kisiwa kilichozungukwa na bahari, watafiti walikuta watoto wa shule wenye rovu. Maji ya bahari kuwa karibu hayatoshi, kwa sababu chumvi inayokaushwa juani haibaki na madini joto ya maana.

Kwa hiyo hii ndiyo orodha yangu. Ipigeni picha:

1. Dukani kwa Mangi, geuza pakiti. Tafuta maandishi ya madini joto. Kama ni chumvi ya mawe ya kupimiwa kwa kopo, hiyo ya kuhifadhia samaki, usipikie.

2. Ukifika nyumbani, weka kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, moshi na unyevu. Madini joto yanapotea chumvi ikikaa wazi. Kwenye chakula, itie karibu na mwisho wa kupika.

3. Usiongeze chumvi kwa sababu umesoma hapa. Mtu mzima asizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, kwenye vyakula vyote. Presha ipo. Unabadilisha aina ya chumvi, sio wingi.

4. Mtoto chini ya mwaka mmoja usimtilie chumvi kwenye chakula. Madini joto yake anayapata kwenye maziwa yako, kwa hiyo chumvi nzuri uile wewe.

5. Kama mnapanga mtoto, anzeni leo, kabla ya mimba. Ukikosa siku zako, njoo kliniki mapema, kabla ya wiki 12. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi tunavyokupa umeze, hata kama vinabadilisha rangi ya choo. Damu ikipungua kwako au kwa mtoto, umakini nao unapungua.

6. Shingo ikianza kuvimba, ya kwako au ya mtoto, njoo hospitali. Usinywe iodini ya kusafishia vidonda. Coindet alishaona matokeo yake.

7. Mtoto wa shule haelewi darasani? Kabla ya sirapu, mpime macho, mpime masikio, mpime damu, mpe dawa ya minyoo kwa ratiba yake, ale kabla ya kwenda shule, alale mapema. Nimeona wengi walioitwa wazito, kumbe hawaoni ubao.

Na chupa mpya ikija, iulize maswali matatu. Je, mwanangu amepungukiwa na kitu hiki kweli? Je, kuna kundi la watoto ambao hawakupewa, na wao walikuwaje? Je, ni wakati wake, au ubongo huo ulishajengwa? Muuzaji akikosa majibu, rudisha pochi kwenye mkoba.

Watu wengi wanaouza sirapu hizi si wabaya, ni majirani zetu wanatafuta riziki. Na mama anayenunua si mjinga, anampenda mwanawe. Ila hela ya sirapu moja inanunua pakiti nyingi sana za chumvi nzuri, trei ya mayai na dagaa juu. Na chumvi haina tangazo redioni, hivyo tangazo lake ni sisi. Mwambie shoga yako aliyeolewa juzi, yule ambaye hata hajajua kama ana mimba. Huyo ndiye anayehitaji kusoma hii kuliko wote.

Maswali yaacheni kwenye komenti, nikitoka zamu ya usiku nitajibu. Na kabla hujaandika, nenda jikoni kageuze hiyo pakiti.